Mchambua Kahawa na Sinema Iliyokatwa

Mchambua kahawa huja kutazama runinga kwa Walburga na ungo wake mapajani. Macho yako kwenye picha, vidole kwenye punje: nzuri zinabaki za mnadani, mbovu zinaingia koponi, akazikaange anywe mwenyewe. Jana ilikuwa sinema ya vita vya Majimaji, ile iliyopigwa marufuku, ikaachiwa baada ya wakaguzi kuikatakata.

“Shangazi, hayo ni makapi matupu, tuzime,” Walburga akasema.

“Babu wa baba yangu alinyongwa kwenye vita hivyo. Acha nimtafute.”

Kwenye picha kamba ya kunyongea ikaletwa, mara picha ikaruka, mvua ikawa inanyesha shambani. Vidole vikasimama. Walburga akangoja tusi. Wapi! Mchambua kahawa alichungulia kopo lake la mbovu.

“Na vipande walivyovitoa,” akauliza, “wameviweka kwenye kopo gani?”