Jiwe la Nyanya Studioni

Tangu wimbo wetu mpya uanze kuchezwa redioni, watu hunisimamisha sokoni Migori kuniuliza ile sauti ya kukwaruza mwanzoni ni ya ala gani. Ni jiwe, rafiki yangu. Jiwe la nyanya yangu la kusagia, na nusura linivunje mgongo nikilifikisha studioni.

Nyanya alinilea Karungu, karibu na ziwa. Kila alasiri alitandika ngozi ya mbuzi chini ya jiwe, tukapiga magoti kwa zamu kusaga mtama na mihogo mikavu. Mihogo ile ilikuwa tamu ikitafunwa hivi hivi, nami nilikuwa mlafi. Kwa hiyo nilitakiwa kuimba muda wote nikisaga. Nikinyamaza kidogo tu, sauti yake ilitoka jikoni: "Mbona wimbo umekatika? Hebu tema hiyo mihogo." Ndivyo nilivyojifunza kuimba.

Ubeti wa mwisho wa wimbo wetu wa kusaga uliimbwa unga ukikaribia kutosha. Humo nyanya aliwaita walaji mmoja mmoja kwa utani: babu anayekoroma kabla ya kulala, mjomba anayerudi na wavu mkavu, jirani anayenusa omena zetu, vile visamaki vya ziwani, tangu zikiwa mbichi, na mimi, mwenye unga puani. Kisha mashine ya kusaga ikaja sokoni. Jiwe likatolewa nje, na wimbo ukatoka nalo.

Mwaka huu nilipoamua kuurekodi, ubeti huo ulikataa kuja. Mara tatu nilisimama mbele ya maikrofoni, mara tatu nikakwama.

"Mathe, wimbo iko sawa," kijana wa studio akasema. "Tukatie tu hapo. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua," nikamwambia. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuujua ubeti ule. Ukinipotea mimi, umekwenda kabisa, na nyanya hakunisimamia miaka yote ile ili nije kuupoteza mjini.

Nikasafiri hadi Karungu. Jiwe nililikuta uani, kuku wakinywa maji kwenye shimo lililochimbwa na kusaga kwa nyanya. Nikawafukuza, nikalisugua, nikarudi nalo. Kijana alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Sasa hii ndio tunarekodi?"

"Shusha maikrofoni hapa chini."

Nikatandika gunia, nikapiga magoti, nikamwaga mtama na kuanza kusukuma. Magoti yaliuma, lakini mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Nilipofika pale nilipokuwa nikikwama, nikapita bila kusita. Wakaja wote: babu na kukoroma kwake, mjomba na wavu wake, jirani na pua yake, na mimi.

Nililia, sikufichi. Wote niliowaita wamezikwa, nimebaki peke yangu. Zile alasiri hazipo tena, na wanangu hawajui ladha ya mhogo ulioibwa jiweni. Na hapo, nikiwa bado nasaga, nikaona jambo ambalo utotoni halikunipitia akilini kamwe. Nyanya aliita kila mtu aje ale, yeye mwenyewe hakujiita.

Kijana alikuwa ameshanyoosha mkono azime mitambo. Nikamtikisia kichwa kwamba unga haujatosha. Nikaongeza konzi moja ya mtama, nikamwita nyanya aje ale.