Pete Ndani ya Mtutu

Volkmar Rennert alilipwa mshahara miaka thelathini na tisa kwa kuchungulia tundu. Usicheke. Kiwanda cha silaha pale Suhl, kwenye milima ya misonobari, kilikuwa na mamia ya watu wa kukata chuma, lakini wanyoosha mitutu walikuwa wanne tu, na watatu kati yao walipeleka kwa Volkmar ile iliyowashinda. Yeye aliuelekeza mtutu dirishani, akafumba jicho moja, akatazama kivuli kinavyotambaa kwenye ukuta wa ndani, kisha akaugonga nyundo mara moja. Tok. Umenyooka. Chukua, ondoka.

Katika mji ambao hata muuza maua ana maoni yake kuhusu bunduki, mtu wa namna hiyo huitwa Fundi hadi kaburini.

Alipostaafu, jicho lilikataa kustaafu. Likahamia kwenye chama cha walenga shabaha. Huko Volkmar ndiye aliyewajazia wenzake risasi, kwa kuwa alikuwa na kibali cha baruti na subira ya jiwe. Chini ya nyumba yake palikuwa na mizani ndogo, kabati la chuma lenye kufuli, na kibao chenye matundu hamsini. Anapanga maganda hamsini matupu, kila moja lina fataki mpya, kile kidonge cha kuwashia baruti. Anamimina baruti, kijiko kimoja kila ganda, kiasi cha kujaza ukucha. Anamulika taa juu ya kibao aone kama yote yamelingana. Ndipo anakandamiza vichwa vya risasi, vile bapa vinavyotoboa karatasi duara safi. Watu walisema ukikosa na risasi za Fundi, nenda kapime macho.

Mwaka huo alifikisha sabini na mbili. Jumapili moja mkewe, Traudel, alionja bonge la viazi alilopika Volkmar, akalitema kwenye kitambaa.

"Mzee, unataka kuniua? Umetia chumvi mara mbili!"

"Mara moja."

"Basi ulitia ya mwaka mzima."

Wakacheka, wakala nyama peke yake na mchuzi. Juma lililofuata alitia chumvi sawasawa, na Traudel akalisahau jambo hilo. Volkmar hakulisahau. Alikumbuka kabisa, kwa jicho lake mwenyewe, kwamba alitia mara moja.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano ya mkoa, Heidrun alimkuta kwenye karakana ndogo ya chama. Heidrun huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, na mkono wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba wenzake walimwita Mnara. Akaweka bastola mezani na karatasi ya shabaha pembeni yake.

"Fundi, bastola yangu imerogwa."

"Bastola hairogwi. Anayerogwa ni mwenyewe. Umenunua miwani mipya?"

"Acha uchokozi. Hebu tazama."

Volkmar akatazama. Matundu yalikuwa yametawanyika kama kuku amedonoa. Heidrun ambaye risasi zake kumi ungezifunika kwa kikombe cha kahawa!

"Hii umelenga wewe au mama mkwe wako?"

"Mama mkwe angepata zaidi."

Wakaanza kazi. Akajaribu skrubu za kilengeo, hazikulegea. Akatikisa mshiko wa mbao, ukatulia kama meno ya mbwa. Akapitisha brashi ndani ya mtutu mpaka masizi yakaisha, akatundika uzito kwenye kifyatuo, nao ulikuwa ule ule wa siku zote. Akaifunga bastola kwenye jiliwa, akachukua risasi za dukani ili asiache shaka, akafyatua tano. Mkono wa chuma hautetemeki. Lakini tano hizo zilitawanyika vile vile, moja hata karibu na ukingo wa karatasi.

"Asante Mungu," Heidrun akasema. "Kumbe si mimi."

Volkmar akaifungua bastola kutoka jiliwani. Akautoa mtutu, akauelekeza dirishani, akafumba jicho moja. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya msitu, mwanga ulikuwa wa maziwa, mzuri kabisa kwa kazi ile. Kivuli kikatambaa, kikafika katikati, kikakatika. Palikuwa na pete nyeusi ndani ya chuma, nyembamba kama uzi, imezunguka pande zote.

Hakuhitaji kuangalia mara ya pili, ila aliangalia. Pete hiyo hutokea kwa njia moja: risasi imekwama ndani ya mtutu, na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Chuma kikavimba. Na risasi hukwama namna hiyo ganda lisipokuwa na baruti, fataki ikakisukuma kichwa nusu ya safari peke yake.

"Haijakwama siku hizi?" akauliza, sauti ya chini.

"Haijawahi. Ah, Jumanne moja ilikohoa tu. Haikulia, ilikohoa. Muda ulikuwa unanikimbia, nikavuta sehemu ya juu ya bastola nyuma, ganda likatoka, nikaendelea."

"Risasi za nani?"

"Zako, Fundi. Mimi natumia za nani tena? Umeona nini humo?"

Hapo ndipo jicho la miaka thelathini na tisa lilipodanganya kwa mara ya kwanza.

"Uchafu," Volkmar akasema. "Niachie hii."

"Sawa. Saa tisa nafanya mazoezi na bastola ya chama. Nimebakiwa na nusu sanduku." Akapiga mkoba wake kwa kiganja, akaenda zake akipiga mluzi.

Akamwacha aende! Aliendesha gari hadi nyumbani akijiambia ni ganda moja tu, moja kati ya maelfu, na fundi gani hajawahi kukosea mara moja. Akashuka chini bila kuvua koti. Akachukua sanduku lake mwenyewe kutoka kwenye mzigo wa juma lile, akaanza kubomoa risasi moja moja kwa nyundo ya kutolea vichwa, akimimina baruti ya kila moja kwenye mizani.

Ya kwanza sawa. Ya kumi sawa. Ya ishirini na sita sawa, akaanza hata kunung'unika wimbo. Ya thelathini na moja haikumwaga kitu. Akaigonga mezani, akapuliza ndani. Tupu. Akaivunja ya thelathini na mbili, ambayo kwenye kibao ilikaa jirani na ile, na baruti ikamwagika, ikamwagika, sindano ya mizani ikapita alama yake ikaenda kusimama kwenye alama ya pili.

Vijiko viwili.

Ganda tupu huharibu mtutu. Ganda lenye vijiko viwili, likilia nyuma ya risasi iliyokwama, hupasua bastola na mkono ulioishika. Volkmar akajaribu kukumbuka siku ile, simu iliyolia, kelele, chochote kilichomkatisha. Hakukuwa na kitu. Alichokumbuka ni taa, na maganda hamsini yamelingana vizuri, kwa jicho lake mwenyewe.

"Mzee, kahawa!" Traudel akaita toka juu. "Au ulishakunywa?"

Hakujua. Akatazama saa. Saa nane na dakika arobaini.

Akapiga simu kwa Gernot, msimamizi wa uwanja wa shabaha wa chama, swahiba wake tangu kiwandani. Haikushika. Ule uwanja umechimbwa ndani ya kilima, simu hufia mlangoni. Akaendesha gari kama mtu aliyeiba.

Alipofungua mlango wa chuma alisikia milio. Pam. Pam. Kisha, kwenye nafasi ya nne, mlio mdogo, mkavu, kama mzee anayesafisha koo. Mkono wa Heidrun ulikuwa umeshavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, ganda limeruka, kidole kinarudi kwenye kifyatuo.

"Acha! Heidrun, acha! Weka chini!"

Walengaji wote wakashusha bastola. Heidrun akaiweka bastola mezani polepole. Gernot akapitisha kijiti cha shaba kutoka mdomoni mwa mtutu. Kikaishia katikati, kikakataa.

"Bwana wee," Gernot akasema, "bahati hii..."

"Si bahati. Ni mimi." Volkmar alivua kofia. "Nimewajazia vibaya. Nyingine hazina kitu, nyingine zina mara mbili. Leteni masanduku yenu yote."

"Fundi, unatania."

"Natania na uso huu?"

Wakayaleta, mmoja mmoja, bila kumtazama. La Heidrun, la Gernot, na mengine matatu. Pamoja na lake la nyumbani, sita. Akatoa mfukoni ufunguo wa kabati la baruti, akamtia Gernot kiganjani, akamfunga vidole.

"Usinirudishie hata nikiomba. Nitaomba."

Gernot akaitikia kwa kichwa. Heidrun akauliza, "Ulitengeneza mangapi?"

"Saba."

"La saba liko wapi?"

Volkmar akafumba macho. Aliiona glavu ya kahawia, imechakaa kidole gumba, ikilipokea sanduku pale mlangoni kwake. Aliuona hata mvuke wa pumzi ya mtu yule, akalisikia na neno la shukrani. Akaipandisha glavu ile hadi kwenye mkono, mkono hadi bega, bega hadi usoni. Usoni hapakuwa na mtu.

"Nilimpa mtu," akasema. "Nilimpa mtu ninayemjua."

Wote wakakimbilia nje ambako simu hushika, kila mmoja akapiga majina aliyonayo. Volkmar akabaki mlangoni kwenye ukungu, kofia mkononi. Ng'ambo ya kilima watu wa chama cha jirani nao walikuwa mazoezini. Pam. Pam. Pam. Akainua kichwa, akashika pumzi kila baada ya mlio, akiusubiri ule utakaokohoa.