Mlango wa Mama Mkwe

Wakuu, mimi niliwahi kumwangukia mama mkwe wangu. Mwili mzima, puu, tukalala chini wote wawili.

Na tulikuwa hatujawahi hata kusalimiana.

Kama wewe si mtu wa Njombe unaweza kuona ni ajali ya kawaida. Ngoja nikueleze ujue nilivyokuwa nimekwisha.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini. Pale Makambako, upande wa kwenda Mahongole, zilijengwa nyumba mpya za wafanyakazi wa barabara. Watu wakahamia kutoka kila kona, Walutheri wa Njombe, Wakatoliki wa Lugarawa na Mlangali. Wakubwa wakaamua mtaa upate jumba moja la wote, lenye redio, chumba cha kushonea, darasa la watu wazima na sehemu ya kunywea chai.

Mchora ramani nikawa mimi, Mika. Kijana, suruali ya kaki, penseli sikioni. Kujiona nako nilikuwa najiona, sikatai.

Msimamizi alikuwa mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Kofia. Akaniambia nichore mlango mmoja tu, rahisi kufunga na rahisi kulinda. Nikachora. Tukaita mkutano wa wakazi, nikaibandika ramani ukutani.

Watu wakaisogelea, wakaikagua.

Jamaa mmoja wa Lugarawa, Odilo, akasimama. "Ramani nzuri, fundi. Sasa mama mkwe akiwa anatoka na mimi naingia, nani apite dirishani?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyekuwa anatania. Kwetu wakati ule mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mkionana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa.

"Milango mingine ya nini, wanataka hewa?" Bwana Kofia akaniuliza. "Mbona madirisha yapo?"

"Si hewa, bwana. Ni wakwe."

"Wakwe ni wangapi?"

"Wote, bwana."

Nikaongeza mlango. Mwingine akanyoosha mkono. Nikaongeza tena. Jioni ramani ilikuwa na milango mingi kuliko kuta, na Bwana Kofia akauliza paa nitalining'iniza wapi. Tukavutana weee, ikabaki miwili ya mbele na miwili ya nyuma.

Ile ya nyuma nilikuwa na mipango nayo.

Nilikuwa nimemchumbia Tabea, binti wa mtaa huohuo. Nilimpenda yule msichana mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Mama yake, ambaye jina lake silitamki mpaka leo, alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa letu la Kilutheri. Mkali, hana masihara. Msemaji wa familia alikuwa kaka yake, mjomba Efraimu, na aliniambia wazi: "Siku ukimkosea dada yangu adabu, uchumba umekufa."

Kuongea naye siwezi. Nikamtuma Tabea: "Mwambie mama apite mlango wa nyuma, ule wa kushoto. Mimi nitapita wa kulia."

Kazi imekwisha. Nikajipongeza.

Siku ya uzinduzi watu walijaa, kwaya inaimba, wakubwa wanahutubia. Nikaambiwa kuni za chai zimepungua. Nikaenda zangu nyuma, nikausukuma mlango wa kulia kwa bega.

Upande wa pili kuna mtu alikuwa anauvuta.

Aisee, niliruka nje nikatua juu ya mama mkwe!

Wa kulia kwangu mimi niliyesimama ndani, ndio wa kushoto kwake yeye aliyesimama nje. Mchora ramani mzima, hilo sikuliwaza.

Kimbembe hakikuishia hapo. Kitu cha baridi kikatumwagikia. Nikanusa. Ulanzi! Ile pombe ya mianzi, ambayo kanisani kwetu ukikamatwa nayo unatengwa. Kibuyu kilikuwa kimechomoka ndani ya shuka lake.

Mama akafumba macho kwa nguvu. "Sijaona mtu!"

"Hata mimi sijaona!" nikajibu, na mimi nimefumba.

Tukajizoazoa, tukapeana migongo. Mara huyo mjomba Efraimu anakata kona kwa nje, na Tabea anatokea mlangoni mbio.

"Ulanzi wa nani huu?" mjomba akafoka.

Nikisema wa mama, mama ameaibika mbele ya kanisa zima. Nikisema wangu, Tabea ndiyo basi tena. Mdomo ukanitangulia.

"Wangu, mjomba."

"Mlevi, na adabu huna! Binti hatukupi!"

Tabea akaanza kulia. Mimi machozi yalishanitoka, sioni haya kusema.

Ndipo mama akaongea, mgongo bado amenipa.

"Tabea, mwambie mkwe wangu ulanzi ni wangu."

"Dada!" mjomba akashtuka.

"Halafu mwulize mjomba wako, huku nyuma kafuata nini na kikombe?"

Tukamwangalia. Kweli bwana, kikombe cha bati amekificha mgongoni! Kumbe Odilo alikuwa anauza ulanzi nyuma ya jumba, na wateja wake wakubwa walikuwa Walutheri wenzangu.

Mjomba akakohoa. Akakitazama kikombe kana kwamba kimempandia chenyewe mkononi.

"Harusi," akasema, "iwe baada ya mavuno."

Tukaoana. Miaka yote tuliyoishi mtaa ule, mimi na mama hatukuonana tena uso kwa uso. Ila kila msimu wa ulanzi nilimpa Tabea kibuyu kimoja ampelekee. Kilirudi kimeoshwa, na salamu juu: "Mwambie sijaona kitu."

Funzo langu ni hili, vijana. Kumkwepa mkwe ni heshima, wakwepeni tu. Lakini siku ukimwangukia, mbebee na aibu yake.