Kabati Katikati ya Vitanda

Juzi mimi na mwanangu, kijana wa sekondari, tulipanga chumba hotelini Kisumu. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya sabuni ya sakafu ilinirudisha alasiri ile baba aliponitoa kwetu Nyakoe kwenda huko kupimwa macho.

Siku ile mhudumu alitufungulia mimi na baba chumba chenye vitanda viwili vilivyokaribiana. Kwetu Gusii, mvulana akishatahiriwa haoni tena kitanda cha baba yake, nami nilikuwa nimetahiriwa Desemba. Nikatazama viatu vyangu.

“Hakuna chumba kingine?” baba akauliza.

“Vyote vimejaa, mzee.”

Mhudumu alipoondoka, baba alivua koti akaanza kulisukuma kabati la nguo. Lilikwaruza sakafu kwa kelele hata nikawa na hakika polisi watakuja. Alilisimamisha katikati ya vitanda, akaketi upande wake akihema.

“Unaniona?”

“Sikuoni, tata.”

“Basi pumzika.”

Nilidhani amenikasirikia. Leo najua aliogopa kama mimi.

Juzi mwanangu alijirusha kwenye kitanda cha dirishani, akaniuliza mbona bado nimesimama mlangoni. Nilikuwa nikilitazama kabati. Lilikuwa limejengewa ukutani.