Baba Aliyechelewa

Nilipopangiwa kufundisha Kiingereza sekondari ya kata hapa Nyansurura nikitokea Iringa, nilidhani shida itakuwa matamshi. Wanafunzi wangu wanaongea Kikurya nyumbani, na midomoni mwao play na pray ni neno moja, kwa hiyo mtu anaweza kusali mpira Jumamosi na kucheza kanisani Jumapili. Hayo tulikuwa tunacheka pamoja. Late sikuwahi kuliona kama neno la kuogopa.

Kisha wakaja madaktari wa macho, wageni kutoka ng'ambo, wakafanya kazi siku moja kwenye zahanati yetu. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa na uvimbe kwenye kope. Alikuja na bibi yake anayemlea, na bibi Kiswahili chenyewe anakiongea kwa shida. Nesi aliyekuwa akitafsiri alikuwa ameitwa kwa mama anayejifungua. Basi binti akajieleza mwenyewe kwa Kiingereza.

Daktari akamuuliza baba yake yuko wapi, maana alitaka mzazi akubali kwanza.

"My father is late," akajibu.

Daktari akatabasamu, akasema hakuna shida, watamsubiri. Akawaonyesha benchi.

Nilifika jioni baada ya vipindi, nikawakuta bado wamekaa, watu wamekwisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hamjaingia?"

"Wanamsubiri baba."

"Baba yupi?"

"Hata mimi sijui, mwalimu. Daktari ndiye amesema."

Baba yake alizikwa kabla sijahamia hapa. Kaburi lake naliona kila siku nikienda kazini.

Niliingia ndani karibu nikikimbia. Walikuwa wanafunga masanduku. Nikamweleza daktari kwamba huku kwetu, na kwa jirani zetu Wakenya wa ng'ambo ya Sirari, mtu akisema baba yake ni late, anamaanisha ni marehemu. Kwao wao madaktari amechelewa tu, yuko njiani. Daktari akaziba mdomo kwa mkono. Akatoka, akapiga magoti mbele ya binti na kuomba radhi, tena na tena.

Bibi alipomwona daktari amepiga magoti, akanishika mkono.

"Mwalimu, mtoto anapofuka?"

"Hapana, bibi. Anaomba msamaha."

"Daktari haombi msamaha bure."

Nilirudia, hakuniamini. Vifaa vilikuwa vimeshapakiwa na kesho yake walikuwa wanatakiwa Tarime. Tuliambiwa tumpeleke binti hospitali ya mkoa, Musoma. Bibi alisema watakwenda baada ya mavuno. Mavuno yamepita, na uvimbe bado upo.

Wiki ile niliandika ubaoni sentensi mbili, My father is late na My father died, nikaeleza tofauti yake. Binti akanyoosha mkono.

"Died si ni amekufa, mwalimu?"

"Ndiyo."

"Kufa ni kwa ng'ombe. Baba alifariki."

Nikaandika passed away, nikamwambia hiyo ndiyo ya heshima. Aliitazama, akainakili polepole.

"Away si ni mbali?"

"Ndiyo, mbali."

"Sasa si watauliza tena atarudi lini?"

Darasa zima likanigeukia. Niligeukia ubao na chaki mkononi, nikaikata away kwa mstari, na kengele ikalia.