Fimbo Fupi ya Bwana

Wajerumani wa reli pale Dodoma walikubaliana kwamba gofu ya siku hiyo kila mtu acheze na fimbo tatu tu. Mohamedi, boi wa bwana mhandisi, akazipanga mkobani, kisha akamkabidhi Matonya abebe.

Matonya, mchungaji wa Kigogo, alizitazama akacheka. Moja ilikuwa fupi, nyepesi, haiwezi hata kumtisha fisi. Nani hutoka nyumbani na fimbo kama hiyo? Akaiacha barazani, akatia nyingine yenye kichwa kama rungu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile fupi ndiyo ya kusukumia mpira shimoni.

Penye shimo bwana aliikosa, akaaibika mbele ya wenzake, akarudi na hasira, akamwita Mohamedi aliyepanga mkoba. Matonya alifungua kinywa aseme ni yeye aliyeiacha, kisha akainama kufunga mkoba.

“Wewe, lete fimbo!” bwana alimfokea Matonya.

Matonya akaenda vichakani, akachagua kwa makini kuliko asubuhi, akaleta ufito mwembamba kabisa.

Mohamedi alipoinuka, mgongo umemvimba, alimshika Matonya mkono.

“Ahsante, ndugu yangu,” alisema. “Mwingine angeniletea nene.”