Kopo Lenye Picha ya Ng'ombe

Kama mnunuzi haielewi lebo, iliandikwa kwa ajili ya nani? Swali hilo niliulizwa miaka kadhaa iliyopita mbele ya kaunta ya duka moja la Ifakara, nikiwa na shahada mpya na majibu ya kila kitu. Aliyeniuliza, mzee muuza duka ambaye wazazi wake walitoka pwani, alifariki wiki iliyopita, akazikwa siku hiyohiyo. Wasomaji wa siku nyingi wanamfahamu: ndiye niliyemcheka hapahapa, katika safu hii, kwa kosa la kubandika lebo zake mwenyewe.

Alikuwa anachana karatasi za daftari, anaziandika kwa kalamu nene ya makapeni, kisha anazigandisha kwa uji mzito wa muhogo juu ya kila bidhaa iliyotoka ng'ambo. Bidhaa za ng'ambo hazina kasoro. Atakayebisha asome maboksi yake. Lebo za mzee ndizo zilizokuwa na kasoro, maana zilisema kweli. "Tochi: mwezi mmoja." "Biskuti: chovya kwanza." "Dawa ya mbu: wanazimia, wanaamka." "Krimu: weupe unakuja, ngozi inaondoka." Na kwenye kopo la unga mweupe, lenye picha ya ng'ombe mnene kuliko wote wa bonde la Kilombero: "Ya chai tu. Si maziwa. Mtoto mchanga asipewe."

Siku ya swali lile alikuja ofisa wa ukaguzi. Hakuuliza habari ya krimu wala ya tochi. Alitoa ufunguo wa gari, akaanza kukwangua karatasi za mzee moja baada ya nyingine.

"Mzee, lebo anaweka mzalishaji au mwagizaji. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye wanayemrudia kitu kikiharibika, bosi."

"Maelezo yapo kwenye kopo, tena kwa Kiingereza. Yanatosha."

"Yanamtosha nani?" Hapo ndipo mzee aliponigeukia na swali lake, akaongeza, "Haya, msomi wetu, tusaidie."

Nililigeuza kopo. Kweli, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, Kiingereza kilikataza kumpa mtoto mchanga. Badala ya kujibu, nikamhoji yeye. "Mzee, Kiingereza hukijui. Umejuaje?"

"Nilisomewa," alisema. Nikacheka, nikidhani ni utani.

Mara akaingia mama mmoja wa Kisukuma, kichanga mgongoni, ng'ombe wa kwao wamehamishiwa malisho ya mbali. Akalinyooshea kidole kopo lililokwanguliwa.

"Shikamoo, baba. Nipe hilo la ng'ombe, la mtoto."

"Marahaba. Hilo sikuuzii, mama. Ng'ombe yuko nje tu, ndani hayumo. Muulize huyu binti, kasoma."

"Unafukuza wateja wako mwenyewe!" ofisa alishangaa.

"Karatasi umebandua, bosi. Haya, na mdomo nao ubandue."

Mdomo haukuwa kwenye fomu ya ukaguzi. Tangu siku hiyo mzee akawa anawasomea wateja lebo zake kwa kichwa, mmoja mmoja, foleni ikifika kwenye kijiwe cha bodaboda. Nami nikaandika safu ya kumwita mfasiri wa lugha asizozijua. Mlinisifu sana.

Chuoni nilifundishwa kuhoji kila kitu, na nimehoji kwa bidii. Nilichochelewa kujifunza ni kwamba ukishauliza, unapaswa kunyamaza usubiri jibu mpaka liishe. Mimi nilipewa neno moja nikaona linatosha kuchekesha.

Jana nilikwenda kumpa pole mjane wake. Aliniambia kwamba mtoto wao wa kwanza alilelewa kwa kopo la namna ile, kwa sababu yeye maziwa yalimkauka. Hospitalini, muuguzi aliligeuza kopo akawasomea maandishi ya chini, neno kwa neno, baba akiwa amesimama na kijiko mkononi. Walimzika mtoto kesho yake.